Maji ya kijito chetu yanakwenda wapi? Somo la mto Ruvubu



Tunaomba ufanye jambo dogo kabla ya kuendelea kusoma. Kumbuka kijito kilicho karibu na nyumbani kwako, kile mnachochota maji au kunyweshea mbuzi. Sasa jibu: maji yake yanakwenda wapi? Katika mikutano ya vijiji tumeuliza swali hili mara nyingi. Jibu la kwanza huwa "bondeni". Tukiuliza baada ya bonde, upande wa Ngara watu hujibu "Ruvubu". Tukiuliza baada ya Ruvubu, watu hutazamana na kuanza kucheka, kana kwamba tumeuliza baada ya mwezi kuna nini.

Swali si la mchezo. Anayejua maji yake yanakotoka na yanakokwenda ana hoja ya kutoa mkutanoni siku kijiji kinapoamua bonde lilimwe au liachwe. Asiyejua hubaki kusikiliza wengine. Kwa hiyo katika somo hili tutaufuata mto mmoja, Ruvubu, ambao wengine huuandika Ruvuvu, kisha turudi kwenye chemchemi na bonde la kijijini.

Tuanzie mgongoni

Mito haianzii mtoni. Huanzia juu ya vilima, kwenye mgongo unaoyagawa maji ya mvua: tone linaloanguka upande huu linateremka huku, na linaloanguka upande ule linateremka kule. Nyumba yenye paa la bati inalionyesha jambo hili vizuri. Kilele cha paa ni kimoja, lakini maji ya mvua ile ile huangukia nyua mbili.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunakaa karibu na moja ya migongo mikubwa ya Afrika, ingawa hakuna kibao barabarani kinachotuambia hivyo. Maji ya Bugufi na Bushubi huteremkia Ruvubu na Kagera, kisha huingia Ziwa Victoria na mto Nile. Kaskazini mwa Biharamulo kuna Ziwa Burigi, nalo limo katika bonde la Kagera. Mashariki mwa Biharamulo, kuelekea Chato, vijito huishia Ziwa Victoria bila kupitia Kagera. Lakini ukipanda gari Nyakanazi kwenda Kakonko na Kibondo, mahali fulani katika safari hiyo unavuka mgongo bila kujua. Huko mbele maji huenda Muyovozi, Muyovozi huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, unaopeleka maji katika mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki.

Fikiri basi: wingu moja likitanda juu ya vilima hivi, sehemu ya mvua yake huanza safari ya Misri na bahari ya Mediterania, na sehemu nyingine safari ya Atlantiki. Ndiyo sababu hata serikali imeyagawa maji yetu kwa ofisi mbili. Tanzania ina mabonde ya maji tisa. Upande wa Nile uko chini ya Bonde la Ziwa Victoria lenye ofisi kuu Mwanza, na upande wa Malagarasi uko chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika lenye ofisi kuu Kigoma. Kikundi kinachotaka kibali cha kutumia maji ni lazima kwanza kijue kiko upande gani wa paa.

Ruvubu inavyokuja

Ruvubu huanza mbali na kwetu, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Burundi, upande wa Kayanza. Mwanzoni huelekea kusini, ukiupa Nile mgongo. Katikati ya Burundi hupokea mto Ruvyironza unaotoka kusini, kisha hugeuka kuelekea kaskazini mashariki, hupita katika hifadhi ya taifa inayobeba jina lake, na kufika mpakani mwa Tanzania.

Huo Ruvyironza una sifa yake. Chanzo chake kiko Rutovu, kusini mwa Burundi, na katika miaka ya 1930 mtafiti Mjerumani Burkhart Waldecker alikitambua kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Piramidi ndogo ya mawe imejengwa mahali hapo. Wanyarwanda wana dai lao pia: huonyesha chanzo kilicho katika msitu wa Nyungwe, ambacho maji yake huja kwa njia ya mto Nyabarongo. Ubishi huu hautatusumbua hapa, maana maji ya pande zote mbili, kama tutakavyoona, hukutana wilayani Ngara.

Jina Ruvubu lenyewe si geni kwa Wahangaza na Warundi: imvubu ni kiboko. Mama anayechota maji ukingoni jioni anajua kwa nini jina hilo halijabadilika.

Ukiingia Ngara, mto huteremka kuelekea kaskazini katika bonde pana, lenye mafunjo na maji yanayokwenda polepole. Kwa kiasi kikubwa ndio unaotenganisha Bugufi iliyo magharibi, ambako uko mji wa Ngara, na Bushubi iliyo mashariki, ambako iko Rulenge. Wazee wanakumbuka kuwa Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni ya Mjerumani. Hivyo mto ambao leo ni wa ndani ya wilaya uliwahi kuwa mpaka wa nchi.

Mbona mabonde yetu ni mapana na yenye kinamasi, na vilima vyake vimenyooka kama matuta ya viazi? Sababu iko katika miamba. Migongo ya vilima imeshikwa na mwamba mgumu, mweupe na wenye kung'aa, ambao mvua hauuwezi kwa urahisi. Katikati yake kuna miamba laini ya tabaka, inayomomonyoka na kuwa udongo. Kwa miaka mingi isiyohesabika maji yamechimba palipo laini na kuacha palipo pagumu. Mto hufuata bonde laini kwa starehe hadi utakapokutana na ukuta wa mwamba mgumu. Hapo hauna budi kutafuta upenyo.

Rusumo

Ukuta huo uko Rusumo. Muda mfupi kabla ya kufika hapo, Ruvubu hukutana na mto unaotoka Rwanda, ambao ni Nyabarongo uliokwisha kuchukua Akanyaru na kupita karibu na Ziwa Rweru. Kuanzia kwenye maungano hayo maji yote huitwa Kagera, au Akagera kwa wenzetu wa Rwanda, ingawa wao hutumia jina hilo tangu mto utokapo Rweru. Kisha maji ya mito yote miwili hubanwa katika upenyo mwembamba na kuanguka mita zipatazo 15. Isumo, kwa Kirundi na Kinyarwanda, ni maporomoko.

Pahali ambapo mto umebanwa ndipo pa kuvukia, na kwa sababu hiyo Rusumo imeona mengi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivukia hapo akaingia Rwanda. Miaka mia moja baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kwa makadirio ya UNHCR walivuka daraja hilo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda. Wengi walipiga kambi Benaco. Waliokuwepo hawahitaji kukumbushwa yaliyokuwa yakipita mtoni siku zile, na miili iliyofika Ziwa Victoria ikazikwa na watu wa Uganda. Hatuandiki haya kwa kutonesha vidonda. Mto ulionyesha wazi, kwa namna ya kutisha, kwamba yanayotupwa juu hufika chini, na kwamba nchi nne zinakunywa katika mtungi mmoja.

Kambi zile zilikaa hadi mwisho wa mwaka 1996, na watu wengi kiasi kile walihitaji kuni kila siku. Vilima vingi vilivyokuwa na miti vilibaki na nyasi na visiki. Wapo wanaosema maji ya kiangazi yalipungua tangu wakati huo. Sisi tunaongeza kwamba wakimbizi walirudi kwao zamani, na bado miti inakatwa. Si haki kuendelea kuwatwika wao peke yao mzigo huo.

Leo Rusumo kuna umeme. Tanzania, Rwanda na Burundi wamejenga mtambo wa megawati 80, na umeme wake unagawanywa sawa kwa nchi tatu. Wazo hilo si jipya: Shirika la Bonde la Mto Kagera lilianzishwa mwaka 1977 kwa mkataba uliotiwa saini Rusumo penyewe, lakini lilivunjwa mwaka 2004 kabla ya taa hata moja kuwaka. Ujenzi ulianza mwaka 2017. Mtambo huu hauna bwawa kubwa la kuweka akiba ya maji ya miezi. Hutegemea mto unavyokuja siku kwa siku. Kwa lugha nyepesi, akiba yake iko kwenye mafunjo ya Burundi, ya Rwanda na ya Ngara. Kinamasi kikinywa mvua ya Aprili na kuitoa kidogo kidogo hadi Agosti, mashine zinazunguka. Bonde likichimbwa mitaro, maji yote yakikimbia pamoja mwezi wa nne, mashine hupata mafuriko yenye tope na baadaye mto mwembamba.

Baada ya hapo Kagera huenda kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, kati ya vinamasi na maziwa madogo, kisha hugeukia mashariki kwenye mpaka wa Uganda. Hupita Kyaka, ambako daraja lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, halafu huingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka wetu. Ni mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani humo. Hubeba udongo wa mashamba ya nchi nne, na magugu maji yaliyowasumbua wavuvi wa ziwa miaka mingi yameteremka pia kwa njia hiyo. Baada ya ziwa ni Jinja, Sudan Kusini, Khartoum na Misri.

Turudi kijijini

Huo ndio mwendo wa maji. Sasa turudi kwenye jicho la maji, yaani chemchemi, maana hapo ndipo mtu wa kawaida ana uwezo wa kuharibu au kuponya.

Mvua inyeshayo kilimani hugawanyika. Nyingine hutiririka juu ya ardhi, nyingine hupenya katika nyufa za mwamba mgumu. Hiyo iliyopenya husafiri taratibu ndani ya kilima hadi inapofika kwenye tabaka lisilopitisha maji, na hapo hulazimika kutoka nje. Ndiyo chemchemi. Utaona kwamba chemchemi nyingi za Ngara ziko chini kidogo ya katikati ya mteremko, kwa mstari mmoja, kana kwamba mtu amezipanga. Hazikupangwa na mtu, ni mstari wa kukutana kwa miamba.

Tulijifunza jambo hili kwa aibu. Katika kijiji kimoja tulisaidia kujenga chemchemi: ukuta wa mawe, bomba, uzio wa miti ya kienyeji kuizunguka. Tulipiga picha na kuondoka tukiwa na furaha. Baada ya misimu michache maji yakapungua sana kila mwezi wa nane. Tukarudi na saruji, tukidhani ukuta umevuja. Mama mmoja mzee, mjumbe wa kamati ya maji, alitupeleka juu ya kilima badala ya kwenye bomba. Huko nyasi zilikuwa zimechomwa mwaka hadi mwaka, udongo umekuwa mgumu kama sakafu, na shamba jipya la mikaratusi lilikuwa limepandwa juu kidogo ya mstari wa chemchemi. Hakutulaumu. Alituonyesha tu kwa mkono kutoka kilele hadi bomba. Sisi tulikuwa tumelinda jicho na kuacha kichwa.

Kazi ya kupanda majani ya kuzuia udongo, kuchimba makinga maji kwa kufuata usawa wa mteremko, na kukubaliana na mwenye mikaratusi ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi. Haina picha nzuri pia. Lakini ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Namna ya kuyapima maji

Kila kamati ya maji inaweza kujua afya ya chemchemi yake kwa ndoo na saa. Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya bomba, hesabu sekunde hadi ijae. Rudia mara tatu uchukue wastani. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 30 kwa dakika, lita 1,800 kwa saa, na lita 43,200 kwa siku nzima. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu mmojammoja kwa siku. Gawanya: chemchemi hiyo ingetosheleza watu 1,728.

Ingetosheleza, kama watu wangechota usiku na mchana. Hawachoti hivyo. Kwa hiyo bila tangi la kuhifadhi maji ya usiku, karibu nusu ya hesabu hiyo hukimbilia bondeni watu wakiwa wamelala. Tena ndoo ikianza kujaa kwa sekunde 80, watu wanaotoshelezwa ni 864 tu, hata kama kwa macho maji yanaonekana yale yale. Macho hudanganya. Daftari halidanganyi.

Pima mwishoni mwa kiangazi, Agosti au Septemba kabla mvua hazijarudi. Kipimo cha Aprili ni cha kujifurahisha. Na kipimo cha mwaka mmoja hakisemi mengi. Cha miaka mitano mfululizo kinaweza kuzungumza na mkuu wa wilaya.

Mgogoro wa mita 60

Tumefika mahali pagumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ni nzuri. Lakini chukua kamba ukapime bonde la kijito cha kawaida cha Ngara. Mita 60 upande huu na mita 60 upande ule ni mita 120, na mabonde mengi ya vijito hayafiki upana huo. Maana yake ni kwamba bonde lote limo ndani ya mstari.

Na bonde ndilo shamba la kiangazi. Mlimani kumekauka, migomba imelegea, na mjane mwenye watoto ana kipande cha maharage na kabichi chini kwenye unyevu. Akikiacha, watoto watakula nini Septemba? Wanaotangaza mita 60 kwa kipaza sauti mara nyingi hawajibu swali hilo. Ndiyo maana mabango huwekwa, mashamba hufyekwa siku moja mbele ya viongozi, na msimu unaofuata majembe hurudi alfajiri.

Kwa upande mwingine tumeona pia bonde lililochimbwa mtaro mkubwa katikati. Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa ya ajabu. Kisha udongo mweusi ulishuka na kupasuka ulipokauka, maji yakaenda chini kuliko mizizi, na waliokuwa na bustani wakaanza kumwagilia kwa ndoo pale ambapo zamani walizama hadi magotini. Walioumia kwanza hawakuwa watu wa Misri. Walikuwa wao wenyewe na jirani zao wa kitongoji cha chini.

Maoni yetu ni haya, na msomaji anaweza kuyapinga. Mafunjo ya katikati yasiguswe kabisa, wala mtaro wa katikati usichimbwe na mtu yeyote, awe tajiri au maskini. Kuhusu kingo, kijiji kikae na ofisi ya mazingira ya wilaya na ofisi ya bonde la maji, kipime bonde kwa kamba na si kwa hotuba, na kikubaliane kwa maandishi ni nani anayepoteza shamba na atapewa nini mahali pake. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya yao, na jumuiya hiyo inaweza kuvuka mpaka wa kijiji. Jambo hilo ni muhimu, kwa kuwa kijito hakijui mwisho wa kijiji. Kamati ya kijiji cha juu na ya kijiji cha chini zikikaa meza moja, mazungumzo hubadilika. Wa juu huona kwa mara ya kwanza nyuso za wanaokunywa tope lake.

Kazi ya kikundi kabla ya toleo lijalo

Chagueni watu sita: wazee wawili wanaojua majina ya zamani ya vijito, akina mama wawili wanaochota maji, na vijana wawili wenye miguu imara. Waanzie kwenye kijito na kupanda hadi mgongoni, siku hiyo hiyo, wakiandika kila chemchemi, kila mtaro na kila shamba wanalolipita. Siku nyingine wateremke na kijito hicho hadi kinapoingia mto mkubwa zaidi, na waulize jina lake kwa watu wa huko, maana mara nyingi kijito hubadilishwa jina kinapovuka mpaka wa kata. Kisha wachore ramani hiyo ardhini kwa majivu na mawe mbele ya mkutano, kabla ya kuinakili kwenye karatasi. Anayebisha abishe pale pale, akiwa na kijiti mkononi.

Ramani mtakazoleta tutazibandika ukutani katika ofisi yetu, za Ngara upande mmoja na za Biharamulo upande wa pili. Tunataka kuona kama zinaungana, na ni kijiji gani cha kwanza kitakachotuletea kijito kinachokwenda Atlantiki.